Tathmini ya Kriegsspiel: mchezo wa ramani wa 1824 unaomchunguza kamanda kuliko jeshi lake

Kwa mtu anayetaka kuelewa nafasi ya tabia ya binadamu katika vita, Kriegsspiel, mchezo wa ramani uliobuniwa na maafisa wa Prussia, dola la Kijerumani la wakati huo, mwanzoni mwa karne ya 19 na ambao bado unachapishwa na kuuzwa, una thamani kubwa kuliko michezo mingi ya kompyuta inayojinadi kwamba inaonyesha vita vilivyo. Nasema hivyo baada ya kuuendesha mara nyingi nikiwa mwamuzi, nafasi inayomwezesha mtu kuziona pande zote mbili kwa wakati mmoja. Nasema hivyo pia nikijua fika kwamba mchezo huu una upungufu mmoja mkubwa, ambao wauzaji wake hawautaji na ambao mnunuzi anapaswa kuujua mapema.

Nianze na kile ambacho mnunuzi anakipata. Seti kamili ina kitabu cha kanuni, majedwali ya mwendo na hasara, dadu, vipimio vya umbali, ramani za kipimo cha 1:8000, na vipande vidogo vya mstatili vya rangi nyekundu na buluu vinavyowakilisha askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga. Kanuni zinazotumika kwa kawaida ni zile za Georg Heinrich von Reiswitz, afisa wa mizinga aliyeuendeleza mchezo ambao baba yake alikuwa ameuonyesha kwa Mfalme Friedrich Wilhelm III mnamo 1812. Baba aliutengeneza kwa meza ya vigae vilivyofinyangwa kama milima na mito. Mwana akauhamishia kwenye ramani halisi za kijeshi, akaweka kila zamu kuwa dakika mbili za vita, na mwaka 1824 akauonyesha mbele ya Mnadhimu Mkuu, Jenerali Karl von Müffling. Inasimuliwa kwamba Müffling alikaa kuutazama bila shauku, kisha kadiri vikosi vilivyosogea akachangamka na kutamka kwamba huo haukuwa mchezo bali mafunzo ya vita. Muda si mrefu ukasambazwa katika regimenti za jeshi la Prussia.

Yote hayo ni historia nzuri, lakini haielezi kwa nini mchezo wa miaka 200 ununuliwe leo. Jibu liko katika mpangilio wa vyumba. Katika Kriegsspiel wachezaji hawakai kuizunguka meza moja. Kila upande una chumba chake, na inapowezekana kila kamanda ndani ya upande huo anatengwa na wenzake. Ramani kuu, yenye vikosi vyote mahali vilipo kwa hakika, iko kwa mwamuzi peke yake. Mchezaji ana nakala yake ya ramani, kalamu, karatasi, na taarifa zile tu ambazo mtu aliyesimama mahali pake angeweza kuziona au kuletewa. Akitaka kikosi kisogee, anaandika amri. Mwamuzi anaipokea, anapima umbali ambao tarishi wa farasi atausafiri, na anaikabidhi kwa mpokeaji muda wake utakapofika, ikiwa tarishi hajanaswa njiani. Taarifa za kurudi hupitia njia hiyo hiyo, kwa ucheleweshaji huo huo. Kwa hiyo anachokitazama kamanda kwenye ramani yake ni hali ya uwanja kama ilivyokuwa muda uliopita, kama ilivyoonwa na mtu mwingine, na kama ilivyoandikwa na mtu huyo akiwa na haraka.

Michezo mingi ya kompyuta humpa mchezaji jicho la ndege na askari wanaotii papo hapo. Anayezoea hali hiyo hujifunza hesabu ya nguvu na nafasi, jambo ambalo si baya, lakini hajifunzi lolote kuhusu kutii, kusita, kuogopa lawama au kumwelewa vibaya mkubwa wake, na mambo hayo ndiyo yaliyoangusha majeshi mengi yaliyokuwa na hesabu nzuri.

Nitaeleza tukio moja kwa karibu, kwa sababu ndilo linaloonyesha vizuri zaidi kile ambacho bidhaa hii inakifanya. Kamanda mkuu wa upande wa buluu alikuwa juu ya kilima ambako aliweza kuuona mto wote, pamoja na daraja upande wa juu na kivuko cha maji mafupi upande wa chini. Akamwandikia kamanda wake wa wapanda farasi: “Zuia adui asivuke. Chukua hatua mara moja.” Kwake amri hiyo ilikuwa wazi kabisa, maana alikuwa anaitazama safu ya adui ikilikaribia daraja. Mpokeaji alikuwa bondeni, na kutoka alipokuwa kilichoonekana ni kivuko tu, pamoja na doria ndogo ya adui iliyokuwa ikinywesha farasi. Alipokabidhiwa karatasi aliisoma, akaiweka chini, akaiinua tena, kisha akaniuliza kama anaruhusiwa kumuuliza mkubwa wake ni wapi hasa anapomaanisha. Nikamjibu kwamba anaweza kuandika swali, na kwamba jibu litafika baada ya tarishi kwenda na kurudi. Alishika kalamu kwa muda. Hakuandika. Akapeleka wapanda farasi wote kwenye kivuko, nao wakawa huko wakati daraja lilipovukwa. Katika mjadala wa mwisho alisema kwamba hakuogopa kuchelewa. Aliogopa kuonekana mtu asiyeelewa amri mbele ya mwenzake mwenye cheo.

Hakuna kanuni iliyomlazimisha, wala dadu iliyomnyima bahati. Tabia hiyo aliileta mwenyewe mezani, na mchezo ukaipa nafasi ya kuonekana. Mtu aliyesoma habari za Balaclava, mapigano kati ya Waingereza na Warusi katika Vita vya Crimea, hawezi kuutazama mkasa kama huo bila kukumbuka tarehe 25 Oktoba 1854, pale Lord Raglan, mkuu wa jeshi la Uingereza, alipotuma kutoka mahali pa juu amri iliyoandikwa kuhusu mizinga iliyokuwa ikichukuliwa na adui, naye Lord Lucan, kamanda wa wapanda farasi aliyekuwa bondeni, hakuweza kuiona mizinga hiyo. Kapteni Nolan aliyeileta amri alipoulizwa ni mizinga ipi, alinyoosha mkono kuelekea bondeni kwa namna iliyozidisha utata. Lucan na shemeji yake Cardigan aliyekuwa chini yake, watu wawili waliokuwa wakichukiana kwa miaka mingi, hawakuwa na mazoea ya kukaa pamoja na kulichambua jambo. Zaidi ya wapanda farasi 600 wakapelekwa moja kwa moja mbele ya mizinga ya Warusi. Masimulizi mengi huishia kwenye ushujaa wao au uzembe wa makamanda. Mchezo huu unamwonyesha mwanafunzi hatua za katikati, yaani jinsi watu wenye akili timamu, kila mmoja akifanya kinachoonekana cha busara pale aliposimama, wanavyoweza kulifikia janga.

Tabia nyingine inayojitokeza karibu kila mara ni jinsi kamanda anavyoukabili ukimya. Dakika za mchezo zinapopita bila taarifa, wachezaji wachache sana hutulia. Wengi huanza kuandika amri mpya kabla ya ile ya kwanza kufika, kisha nyingine ya kuisahihisha hiyo, na walio chini hupokea karatasi zinazopingana ambazo hawajui ipi iliandikwa mwisho, isipokuwa mwandishi alikumbuka kuweka saa. Carl von Clausewitz, afisa wa Prussia aliyepigana dhidi ya Napoleon na ambaye maandishi yake kuhusu vita yalichapishwa na mkewe Marie kuanzia 1832, aliita hali ya namna hii msuguano, na akaandika kwamba katika vita kila kitu ni rahisi, lakini kitu kilicho rahisi kabisa ndicho kigumu. Sentensi hiyo hunukuliwa mno vyuoni hadi ikapoteza makali. Mchezaji aliyekwisha kuona jeshi lake likizunguka mahali pamoja kwa sababu ya amri zake mwenyewe huirudia kwa sauti nyingine kabisa.

Kuna pia ile hali ya kamanda kushikilia picha aliyoijenga mapema. Nimemwona mchezaji aliyeamini tangu mwanzo kwamba shambulio kuu litatoka msituni. Taarifa ya vumbi barabarani aliisoma kuwa ni hila, taarifa ya mizinga barabarani akaisoma kuwa ni hila kubwa zaidi, na taarifa kwamba msitu ulikuwa mtupu akaichukua kuwa ushahidi wa adui aliyejificha vizuri. Mwaka 1973 idara ya ujasusi wa kijeshi ya Israeli ilishikilia kwamba Misri isingeanzisha vita kabla ya kupata silaha za kupiga mbali zinazoweza kulidhibiti jeshi la anga la Israeli. Maandalizi yaliyoonekana kando ya Mfereji wa Suez yakatafsiriwa kuwa mazoezi, hadi mashambulizi yalipoanza tarehe 6 Oktoba. Tume ya Agranat iliyochunguza baadaye haikukuta uhaba wa taarifa. Ilikuta taarifa nyingi zilizopimwa kwa dhana iliyokwisha kukubaliwa. Uzuri wa Kriegsspiel ni kwamba karatasi zote zinabaki. Mwisho wa mchezo unaweza kuzipanga kwa saa na kumwonyesha mtu, kwa mwandiko wake mwenyewe, pale alipoacha kusoma na kuanza kuthibitisha alichokitaka.

Kanuni za 1824 zina majedwali mengi, na hapa mnunuzi atakutana na uamuzi wa kwanza mgumu. Ukizifuata zote, kila mapigano yanahitaji hesabu, na mchezo wa saa chache unaweza kumeza siku nzima. Malalamiko haya si mapya. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois, afisa wa Prussia, alitoa mtindo huru, ambao uliachana na sehemu kubwa ya majedwali na dadu na kumwachia mwamuzi mwenye uzoefu aamue kwa busara yake. Mimi hutumia mseto wa njia hizo mbili, kwa kuwa mtindo huru unaenda kwa kasi na kuwaacha wachezaji na jambo la msingi, yaani kufikiri na kuwasiliana. Hata hivyo mtindo huo unahamisha udhaifu wa kibinadamu kutoka vyumba vya wachezaji hadi kwenye meza ya mwamuzi, na jambo hilo si la kupuuzwa.

Mfano wake unaojulikana zaidi ulitokea Mei 1942 ndani ya manowari Yamato, wakati jeshi la majini la Japani lilipofanya mchezo wa majaribio wa operesheni ya kukiteka kisiwa cha Midway katika Pasifiki. Dadu zilionyesha kwamba ndege za Marekani zimezipiga meli za Japani za kubeba ndege kwa mabomu 9. Admirali Matome Ugaki, aliyesimamia mchezo, akapunguza idadi hiyo hadi 3, na meli Kaga iliyokuwa imehesabiwa kuzama ikaonekana tena katika hatua iliyofuata. Mwezi uliofuata meli 4 za Japani za kubeba ndege zilipotea katika vita vyenyewe, Kaga ikiwamo. Sisemi kwamba dadu ilitabiri, kwa maana dadu haitabiri kitu. Ninachosema ni kwamba mpango ulikuwa umekwisha kupendwa na wakubwa, na katika chumba kile hakukuwa na mtu mwenye cheo cha kutosha na utayari wa kusisitiza kwamba matokeo yaachwe kama yalivyo ili yajadiliwe. Tatizo hilo halikuishia karne iliyopita. Katika zoezi kubwa la Marekani la mwaka 2002 lililoitwa Millennium Challenge, Luteni Jenerali mstaafu Paul Van Riper, aliyeongoza upande wa adui, alizamisha sehemu kubwa ya meli za upande wa pili kwa mbinu zisizotarajiwa; meli zikarudishwa na zoezi likaendelea. Waandaaji walikuwa na sababu zao, kwani kulikuwa na vitengo vingi vilivyosubiri zamu ya kufanya mazoezi, lakini Van Riper aliona kwamba majaribio yameondolewa uhuru wake. Anayenunua Kriegsspiel kwa ajili ya chuo au taasisi afikirie mapema nani atakuwa mwamuzi. Asiwe mtu anayefanyiwa tathmini ya kazi na mmoja wa wachezaji.

Sasa nifike kwenye upungufu niliotangulia kuutaja. Mchezo huu unamfunua kamanda, lakini askari anabaki kuwa kipande cha rangi. Kikosi kilichoshindwa kinarudishwa nyuma, kinanyimwa uwezo wa kushambulia kwa muda, na hasara zikizidi kinabadilishwa kwa kipande kinachoonyesha kimepungua. Kwa zama zake hiyo ilikuwa hatua kubwa ya kuutambua ukweli kwamba watu huvunjika moyo kabla ya kuisha. Reiswitz alijua pia kwamba majaribio ya ulengaji yaliyofanywa viwanjani wakati wa amani, yale yaliyohusishwa na Jenerali Scharnhorst wa Prussia, hayawezi kuchukuliwa yalivyo, kwa maana shabaha ya kitambaa hairudishi risasi, wala mpigaji haoni mwenzake akianguka pembeni. Lakini jedwali linaishia kwenye kiasi cha hasara. Kwa nini kikosi kimoja kilisimama na kingine kikakimbia, halisemi.

Swali hilo ndilo lililomsumbua kanali wa Ufaransa, Charles Ardant du Picq, aliyewatumia maafisa wenzake maswali mnamo 1868 akitaka wamweleze kwa undani askari wao walifanya nini hasa mapigano yalipoanza, kabla naye hajauawa katika vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Prussia. Aliona kwamba kinachomshikilia mtu mstarini ni kufahamiana, kuaminiana na kuangaliwa na wenzake, na kwamba jeshi hushindwa moyoni kabla ya kuguswa mwilini. Mwaka 1948 wanasosholojia Edward Shils na Morris Janowitz, wakichunguza kwa nini askari wa Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia waliendelea kupigana hata walipokuwa wakielekea kushindwa, walikuta kwamba kikundi kidogo cha watu wanaokula na kulala pamoja kilikuwa na uzito mkubwa kuliko hotuba za itikadi. S. L. A. Marshall, mwandishi wa kijeshi wa Marekani, alidai mwaka 1947 kwamba ni askari wachache tu, kati ya asilimia 15 na 25, waliofyatua risasi katika mapigano. Takwimu zake zimepingwa vikali na wanahistoria, na sishauri mtu azitumie kama kipimo, lakini swali aliloliuliza liliyalazimisha majeshi kuangalia upya namna yanavyofundisha. Hakuna lolote kati ya haya linaloonekana kwenye ramani ya 1:8000. Halionekani pia lile tatizo ambalo daktari Mwingereza Charles Myers alilieleza katika jarida la kitabibu mwaka 1915, la askari waliopoteza usingizi, kumbukumbu na hata uwezo wa kuona bila jeraha la kutosha kulieleza.

Kuna jambo linalonihuzunisha zaidi. Vijiji vimo kwenye ramani, vimechorwa vizuri, na katika kanuni vinahesabiwa kama vizuizi na mahali pa kujihami. Havina wakazi. Mchezaji anaweza kuamuru kijiji kichomwe ili adui asikitumie, na asikutane na swali lolote isipokuwa muda utakaotumika. Mimi nimeongeza kanuni yangu mwenyewe: amri ya namna hiyo haitekelezwi mpaka mtoaji aandike jina lake, saa, na sababu, naye ajue kwamba karatasi hiyo itasomwa kwa sauti katika mjadala. Wengi hubadili amri wakiwa bado wameshika kalamu. Ni nyongeza ndogo, na ningependa kuiona katika toleo rasmi, kwa kuwa uwajibikaji nao ni tabia ya binadamu inayoathiri maamuzi ya vita sawa na hofu au kiburi.

Kuhusu ubora wa bidhaa yenyewe sina mengi. Tafsiri ya Kiingereza ya kanuni inasomeka, ingawa mpangilio wake umebaki wa kizamani, na msomaji atalazimika kuruka huku na huko kutafuta hesabu ya mapigano ya ana kwa ana. Vipande vya seti nilizotumia ni vidogo mno kwa vidole vya watu wenye haraka, na alama za vikosi hufanana. Ramani ni nzuri sana. Mtu mwenye bajeti ndogo anaweza kununua kanuni peke yake na kutumia ramani yoyote ya mistari ya mwinuko pamoja na vipande vya kadibodi, bila kupoteza kitu cha msingi.

Haifai kwa watu wawili wanaotafuta burudani ya jioni. Inataka angalau wachezaji 4, mwamuzi na msaidizi wake, vyumba vilivyotengana, na muda usiopungua nusu siku ukiwamo mjadala. Kwa walimu wa historia, vyuo vya ukamanda na unadhimu, na hata vikosi vya uokoaji ambavyo kazi yao ni kutoa amri katika hali ya kutojua, naipendekeza bila kusita, ilimradi iambatane na masomo yanayomhusu askari wa kawaida.

Kitabu cha kanuni hakina mwongozo wa kuendesha mjadala wa mwisho, na hilo ndilo pengo ambalo mnunuzi mpya anapaswa kuliziba mwenyewe kuanzia siku ya kwanza. Njia ninayoitumia ni kumtaka kila mchezaji, kabla hajaruhusiwa kuiona ramani kuu, achore kwenye nakala yake mahali anapoamini vikosi vyote vipo, aandike ni taarifa ipi iliyomfanya aamini hivyo, na ataje amri moja aliyoipokea au kuitoa akiwa na shaka ambayo hakuisema. Karatasi hizo zikusanywe kwanza. Mlango wa chumba cha mwamuzi ufunguliwe baadaye.